Mama na Nyota yenye Mkia

Nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani kwenye vibanda vya mafundi hapa Namakwekwe, namkumbuka mama yangu akiwa mezani kwake kule Mpumudde, tulikoishi nilipokuwa mtoto.

Mama alikuwa mwalimu. Vita vilipofunga shule yao, akawa fundi wa nguo. Alfajiri moja, baada ya swala, alinitoa nje uani kunionyesha nyota yenye mkia, hafifu juu ya mabati ya jirani. Nililia, kwa sababu majirani walikuwa wamesema inaleta vita vingine.

"Haileti kitu," alisema. "Ina njia yake. Njoo."

Ndani, alichomeka pini mbili kwenye kitambaa, akazizungushia kitanzi cha uzi, kisha akakivuta kwa chaki mpaka akachora umbo refu kama yai. Penye pini moja akaweka kifungo.

"Hili ni jua. Nyota inalizunguka, inaenda mbali sana, inarudi baada ya miaka kama sabini na sita. Kuna mtu alisoma maandishi ya zamani, akagundua kwamba nyota tatu walizoziona watu nyakati tofauti ni hii hii moja. Akasema itarudi. Alikufa kabla, lakini ilirudi."

Nilihesabu kwa vidole mpaka vikaniishia.

"Ikirudi tena, utaiona?"

"Mimi sitakuwepo. Wewe, labda."

Nilifuta machozi. "Si labda, Mama. Nitaiona."

Akanisogezea kikombe.

"Basi maliza uji wako."