Nukta Tatu kwa Moya

Ilikuwa katika duka la silaha hapa Louisville. Mlinzi mmoja, Mkongo mwenzetu, alikuwa anachagua kioo cha nukta nyekundu cha kulengea, aweke kwenye bastola yake ya kazi. Akachungulia, akamwambia mke wake:

“Naona nukta tatu. Na kwa boksi waliandika 3 MOA. Donc, tatu kwa moya.” MOA aliisoma “moya”, yaani moja kwa Kiswahili chetu cha Kongo.

Mimi niliyekuwa nao nimejua kusoma ukubwani, kwa hiyo nilisoma karatasi ya ndani mpaka mwisho, nikawaambia: MOA ni kipimo cha ukubwa wa nukta. Nukta yenyewe ni moja.

Mke akapiga picha kupitia kioo. “Simu inaona moya. Ni weye unaona tatu.”

“Mtihani wa kulenga kazini ni Ijumaa, mama,” mume akasema.

“Bon, daktari wa macho ni kesho.”

Mlinzi akarudisha kioo kaunta. Wasomaji, macho kwanza, nukta baadaye.