Siku Laini Yetu Ilipobaki Tupu

Kila nikiikumbuka siku ile, mwanangu Kioko, nywele hunisimama. Kaa kidogo nikwambie, kabla hujampa mpangaji wetu Mama Halima notisi ya kuhama ili uweke wanafunzi.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa Komarock. Mabweni ya chuo yalikuwa yamejaa, wanafunzi wanabisha kila geti kuulizia chumba. Katika vyumba vyetu vya nyuma walipanga Mama Mutua, mumewe mchonga vinyago, na watoto wao wanne. Nami nilikuwa mama kijana, tamaa imenipanda kichwani. Vitanda vinne kwa chumba kimoja! Majirani walikuwa wameshawahamisha wapangaji wao wote wenye familia, wengine wakahama hata wao wenyewe, wakawaachia wanafunzi nyumba nzima. Nikaona nimeachwa nyuma. Nikamwambia Mama Mutua atafute kwingine.

Hakugomba, na heri angegomba. Aliendelea kukunja nguo zake, akasema, "Mama Kioko, hao watoto wa chuo sina ubaya nao. Lakini chuo kikifungwa wanaenda kwao. Siku hiyo utaita nani?"

Nilimcheka, tena mbele ya watoto wake. Mpaka leo naona aibu.

Wanafunzi wakaja, na sitawasingizia. Walikuwa na kelele, lakini adabu walikuwa nayo, na wewe walikubeba mabegani ukicheka. Kisha kukatokea fujo huko chuoni. Asubuhi moja nikamkuta mmoja wao getini, godoro kichwani.

"Mathee, wamefunga chuo. Tumeambiwa kila mtu aende kwao."

Kufikia saa nane mchana laini nzima, nyumba zote za njia yetu, ilikuwa kimya. Sikujali, nikafurahi hata kupumzika kelele za redio zao.

Kesho yake mchana ulivuta sufuria ya uji jikoni, uji wa moto ukakumwagikia mkononi. Nilitoka nikipiga mayowe, nimekukumbatia. Nilibisha nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kufuli. Kioko, milango kumi na miwili na yote kufuli! Nilisimama katikati ya njia nimeduwaa, siamini kwamba hapa ni kwetu. Nilikimbia nawe miguu mitupu hadi Barabara ya Kangundo, ndipo nikapata mtu wa kutufikisha hospitali. Daktari alisema tungewahi, mkono wako ungenyooka.

Siku zote nimekwambia ni uji uliokuumiza. Uji ulikuumiza, ndiyo. Lakini waliokuwa wakija mbio wakisikia mtoto analia, mimi ndiye niliyewafukuza.

Sikukatazi kupangisha wanafunzi, nao wana haki ya pa kulala. Wape vyumba vya juu. Ila usimtoe Mama Halima. Yule akisikia sijakohoa asubuhi, huja kubisha.

Nenda sasa ukamwambie abaki. Na Mungu akujalie, mwanangu, siku utakayopiga kelele, mlango wa jirani ufunguke kabla hujaita mara ya pili.