Mashuka Mia Sita ya Fundi Marembo

Asubuhi imeshachangamka, na ndani ya bohari ya hospitali ya wilaya shuka jeupe limetandazwa juu ya meza ndefu. Mtunza bohari, mwanamume mkavu wa maneno, analipima kwa tepu, kwanza urefu, kisha upana. Akimaliza, anashika pindo kwa mikono miwili na kulivuta kwa nguvu zake zote, utadhani ana ugomvi nalo.

Pembeni amesimama mwanamke mnene aliyevaa gauni la kijani lenye lesi shingoni, mikononi na kiunoni. Amekaribishwa kiti, amekataa.

"Nikikaa, moyo utanitoka," anasema. "Acha nisimame nao hivihivi."

Mtaani kwake wanamwita Fundi Marembo, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Mkono wake hauwezi kuona kitambaa kitupu ukakiacha. Ukimpelekea suruali aipunguze, itarudi na ua mfukoni. Maharusi wanampenda kwa hilo. Wanaume wamejifunza kumwonya mapema: "Fundi, usiniongezee kitu, tafadhali."

Leo anasubiri hukumu. Mashuka mia sita yaliyopangwa ukutani ni yake, kazi ya zabuni ya kwanza ya umma aliyowahi kushinda. Kamati ya watu watatu ikiyakubali, karakana yake itasonga mbele. Ikiyakataa, yatarudi yote, na wanawake wanne wanaoshona naye hawatakuwa na la kufanya. Ili kumaliza kazi hii, walikataa oda za sare za shule za msimu mzima.

"Mimi nilimwambia, wifi, kazi za serikali ni za wakubwa," anasema wifi yake, ambaye ndiye mshirika wake katika biashara na ndiye mtani wake mkuu. "Akanijibu, basi kuanzia leo mimi ni mkubwa. Utamfanya nini mtu kama huyu?"

Ukubwa huo ulianza mwaka jana, hapahapa hospitalini. Fundi Marembo alikuwa kwenye foleni ya dawa, na kwenye ubao juu ya kichwa chake palikuwa na tangazo la zabuni ya mashuka. Alilisoma kwa sababu foleni haikusogea. Humo aliona kuwa kazi hiyo imetengwa kwa vikundi vidogo vya wanawake.

"Nilidhani zabuni ni mambo ya kujuana," anasema. "Kumbe ni mambo ya kusoma."

Alihangaika. Alisajili biashara, akapata cheti cha kodi, akaenda kwenye duka la intaneti kujiandikisha katika mfumo wa ununuzi. Kisha akashona sampuli. Tangazo lilitaka shuka jeupe la pamba, pindo la kawaida, lisilo na nakshi. Yeye alipeleka shuka lenye lesi pande zote nne na waridi kubwa jekundu upande wa mto.

"Nilijua wataona lile shuka wapagawe."

Walipagawa kweli. Nesi mmoja aliuliza kama linauzwa. Zabuni akapewa mwingine.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakaenda nyumbani kusimulia jinsi walivyoonewa. Fundi Marembo naye alilia kidogo na kununa kidogo. Halafu akasikia kwamba aliyeshindwa ana haki ya kuelezwa sababu, akajifunga kibwebwe, akaenda kuuliza.

Afisa ununuzi wa hospitali, msichana makini anayeweza kuwa binti yake, alimweka chini wakazungumza.

"Nilimwambia, mama, shuka lako lilikuwa zuri kuliko yote, lakini sisi hatukuomba zuri kuliko yote," anakumbuka afisa huyo. "Lesi inanasa kwenye mashine zetu za kufulia. Na wenzako waliweka bei ya shuka la kawaida. Nikipokea lako lenye nyongeza, nitakuwa nimewalinganisha kwa haki kweli?"

Alimweleza pia kwamba mwenye shaka huuliza kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho, na jibu hutumwa kwa waombaji wote ili asiwepo anayejua zaidi ya mwenzake.

Fundi Marembo alitoka pale kama mtu aliyefunguliwa dirisha. "Dukani ukimwongezea mteja, kesho anarudi," anasema. "Huku ukimwongezea, umejitoa mwenyewe."

Zabuni ilipotangazwa tena, aliuliza mpaka afisa akacheka. Aliuliza unene wa uzi, akauliza kama mashuka yaje yamepigwa pasi, akauliza gari la kuyaleta ni juu ya nani. Safari ya kwanza alisahau kabisa kuingiza usafiri kwenye bei. Aliuliza pia malipo huchukua muda gani, akaambiwa ni wiki kadhaa baada ya mzigo kupokelewa. Kwa hiyo kabla ya kuomba, alikwenda kwa muuza vitambaa wakakubaliana kwamba atasubiri kulipwa.

Safari hii alishinda. Na wifi yake akachukua hatua za usalama.

"Nilikusanya nyuzi zote za rangi, nikazifungia sandukuni," anasema. "Ufunguo ulilala kifuani kwangu mpaka kazi ikaisha. Alikuwa ananizunguka kama paka jikoni."

Wote wanacheka. Kisha kicheko kinakatika, kwa sababu mtunza bohari ameacha kupima. Ameinamia kona ya shuka moja, anaipapasa kwa kidole.

"Hiki nini?"

Ni waridi dogo, limedariziwa kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe.

"Wifi!" anang'aka wifi.

Fundi Marembo amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Uzi mweupe hukuufungia," anasema kwa sauti ndogo. "Naapa sikumbuki. Nilikuwa naongea na simu. Mkono huu una akili zake!"

Hakuna anayecheka sasa. Wanakamati wanatazamana. Afisa ununuzi, aliyesimama nao, anasema kwa upole kwamba kupima machache ya kuchagua hakutoshi tena, itabidi yafunguliwe yote. Robota moja baada ya jingine linashushwa. Fundi Marembo anavuta kile kiti alichokikataa, anakaa, anafumba macho. Midomo inamcheza.

Inachukua muda mrefu, na mwandishi wa habari hizi anakiri kwamba naye alikuwa akiomba Mungu.

Ni moja tu. Katika mashuka mia sita, lenye ua ni lile moja, na mkataba unaruhusu bidhaa yenye kasoro ibadilishwe papo hapo. Lakini lingine litoke wapi?

Wifi anainama kwenye kikapu chake, anatoa shuka lililokunjwa vizuri. "Nilishona mawili ya akiba," anasema. "Namjua wifi yangu mimi."

Mtunza bohari anapima, anavuta pindo, anatikisa kichwa kukubali. Saini zinatiwa. Fundi Marembo anapiga kigelegele ambacho bohari ile haijawahi kukisikia, anamkumbatia wifi, anataka kumkumbatia na mtunza bohari, ambaye anarudi nyuma hatua moja huku akicheka kwa mara ya kwanza leo.

"Basi hili lenye ua chukueni nyie," anasema Fundi Marembo.

Afisa anainua mikono juu. "Mama! Zawadi hatupokei. Toka nalo mpaka getini."

Kabla ya kutoka anapiga simu karakana. "Jamani, wameyapokea! Kesho kazini kama kawaida!" Kelele za upande wa pili zinasikika mpaka kwetu.

Mwakani anataka kuomba zabuni ya nguo za wagonjwa wa upasuaji. Ni kazi kubwa kwa karakana moja, kwa hiyo ameanza kuzungumza na mafundi wawili wa mtaa wake waombe pamoja. Anawafundisha kusoma tangazo. "Nawaambia, soma kinachotakiwa, halafu uizuie mikono yako. Hapo kwenye mikono ndipo mimi mwenyewe bado mwanafunzi."

Nesi anawaalika wapite wodini waone kazi yao. Kitanda cha karibu na mlango kimetandikwa shuka lao sasa hivi. Bibi mmoja aliyetoka kuogeshwa analazwa juu yake. Anapitisha kiganja kwenye shuka, taratibu, anakirudisha tena. Anavuta pumzi ndefu na kufumba macho.

Wifi anatoa simu apige picha ya ukumbusho. Fundi Marembo anamshika mkono. Macho yake yamejaa machozi.

"Wifi, weka simu," ananong'ona. "Mwache mteja alale."