Bomba Lililopasuka Juu ya Mlali

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Mtambo alinipokea na glasi mbili. Moja ilikuwa na maji mekundu ya mto ulioshuka Uluguru baada ya mvua, nyingine maji maangavu. Akaniuliza nini kiko kati ya glasi hizi. Nikaanza kumtajia niliyosoma chuoni. Akanikatiza kwa upole.

“Kati yake uko wewe, binti. Ukizembea, watu wanakunywa haya mekundu.”

Nilikuwa fundi sanifu maji, mzaliwa wa Turiani, baba yangu akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Pale mtamboni Morogoro nilijifunza kutia shabu, inayofanya chembe za tope zishikane na kuzama, kisha kuyapitisha maji kwenye chujio la mchanga, na mwisho kuyatia klorini ya kuua vijidudu. Mikono yangu ilinuka klorini hata nikisonga ugali. Mume wangu alilalamika mwanzoni, halafu akazoea.

Baadaye nikahamishiwa Gairo, kwenye visima virefu. Maji ya huko yana chumvi. Mpangaji mwenzangu alinionya nisitie chumvi kwenye mboga kabla ya kuonja. Msimamizi wa Visima hakuwa msemaji. Alinifundisha kuweka kiganja juu ya bomba na kuisikia pampu inavyotetemeka, maana pampu huumwa muda mrefu kabla ya kufa. Nilikaa huko mpaka wanangu wakaanza shule, na nilipaacha kwa huzuni.

Lakini kazi ninayoikumbuka zaidi ni ya mradi wa mserereko juu ya Mlali. Mserereko maana yake maji hayasukumwi na mashine. Yanakingwa kwenye banio mlimani na kuteremka yenyewe hadi kwenye koki za watu bondeni. Bomba letu lilipita katikati ya kitongoji kimoja cha wakulima, nao hawakupata hata tone. Hapo hapo ndipo lilipokuwa likipasuka mara kwa mara, na kila mara aliyegundua alikuwa mtu aliyedamka alfajiri.

Siku niliyoripoti, Mhandisi wa Mradi alikuwa amekasirika.

“Wanalikata kwa panga,” aliniambia. “Wana hasira kwamba maji yanawapita. Safari hii polisi wamemchukua mmoja, Mzee Shabani. Shamba lake liko pale pale. Nenda kaangalie. Wewe ndiye fundi. Ukisema limekatwa, anapelekwa mahakamani.”

Nilipanda mlima. Mke wa Mzee Shabani nilimkuta akipalilia maharage.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umekuja kunichukua na mimi?”

Nikamwambia nimekuja kuliona bomba. Akaniongoza. Mafundi waliotangulia walikuwa wakikata kipande kibovu, wakikitupa bondeni, wakiunga kingine. Hiki cha mwisho kilikuwa bado palepale. Nikapiga magoti nikakipapasa. Panga hukata bomba kwa upana wake. Ufa huu ulikwenda kwa urefu wake, na kingo zake zilikuwa zimefunuka kwa nje, kama ganda la mbegu iliyopasuka.

“Mama, kabla halijapasuka, kuna chochote mnachosikia?”

“Linalia,” alisema. “Alfajiri, kama nyuki. Tulishawaambia wenzako. Walicheka.”

Nilirudi kwa Mhandisi na kile kipande begani. Alikigeuzageuza, kisha akauliza kama nina geji ya presha, kile kipimo cha msukumo wa maji. Mchana ule tulipanda pamoja. Tukaifunga geji kwenye bomba, akapiga simu bondeni waombwe watu wafunge koki zote. Wakati watu wanachota, maji hutembea na msukumo hupungua. Koki zikifungwa, uzito wa maji yote ya mlima hulala juu ya bomba. Ndivyo ilivyokuwa kila usiku, Mlali ikiwa imelala.

Mshale ukaanza kupanda. Ulipovuka kiwango ambacho bomba lile lilitengenezwa kukihimili, bomba likaanza kuvuma.

“Waambie wafungue! Haraka!” Mhandisi alipiga kelele kwenye simu. Mshale ulipotulia alivua kofia, akamgeukia yule mama, aliyekuwa ametufuata kutoka shambani. “Mama, tumemshitaki mumeo kwa kosa la maji.”

“Basi kawaambie waliomchukua,” alijibu.

Alikwenda mwenyewe. Jioni ile Mzee Shabani alirudi nyumbani akiwa kwenye kiti cha mbele cha gari la mradi, na Mhandisi akamwomba radhi mbele ya majirani. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akamkaribisha uji, lakini hakusema amesamehe. Nilimheshimu kwa hilo.

Tukajenga tangi la kupunguza msukumo juu ya kitongoji. Maji yakiingia humo, nguvu yote ya mlima huishia pale, na safari huanza upya taratibu. Nilipendekeza tutoe koki kwenye tangi hilo kwa ajili ya wenyeji, Mhandisi akakubali kabla sijamaliza sentensi. Siku ya kufungua, mke wa Mzee Shabani alikinga ndoo ya kwanza, akanywa kwa viganja, akanirushia yaliyobaki huku akicheka. Nililowa mpaka viatu.

Nimestaafu sasa, naishi Morogoro. Ninyi vijana mnaofanya kazi hii leo mna mita zinazosomwa kwa simu, na pampu za jua. Navipenda vifaa hivyo, na nikialikwa nakuja kuvitazama. Ninachowaomba ni kwamba mtu akiwaambia bomba linalia, mpande mkasikilize.

Kwa miaka yote ya kazi sikuwahi kuifurahia mvua kubwa. Ikianza tu, niliwaza tope, banio, bomba gani litasombwa. Wiki iliyopita ilinyesha Uluguru mchana kutwa. Nilivuta kiti barazani, nikamwita mume wangu, tukaitazama hadi ikakatika.