Mafuta Niliyonunua Mimi

Jumanne, tarehe kumi na moja ya mwezi wa pili, nilimpoteza mume wangu. Jua lilikuwa limeshatoka. Alikufa kwenye kiti cha mbele cha gari letu, hatua chache kutoka lango la nyumba yetu huku Carama, wakati watu wakilisukuma.

Kifua kilimshika alipokuwa akinawa. Alipofika mlangoni hakuweza tena kusema. Mimi sijui kuendesha, kwa hiyo nilimwita jirani yetu, mwalimu, tukambeba pamoja tukamkalisha garini, na mwalimu akashika usukani. Gari lilikuwa la mtumba, limetoka Japani likiwa limechoka, lakini halikuwa na tabia ya kutukatalia. Siku ile mwalimu alizungusha ufunguo, injini ikakoroma, ikaguna kidogo kama inataka kushika, ikanyamaza. Akarudia. Ikakoroma tu.

Mume wangu aliteremsha mkono akawa anapapasa sakafu, kati ya viti viwili. Alipiga zulia kwa vidole huku akinitazama. Nikaona yuko miguu mitupu. Nikadhani anaona aibu kufika hospitali bila viatu, maana alikuwa mtu wa kujiheshimu. Nilikimbia ndani nikaleta vile vyeusi, nikapiga magoti, nikamvalisha na kamba nikafunga. Akapiga zulia tena. Nikamwambia, "Tayari, baba. Nimekuvalisha."

Wanaume watatu waliokuwa wakipita wakaja kusukuma. Mmoja hakuwa amemwona mgonjwa. Akacheka, "Sukumeni, we! Hii gari inataka kubembelezwa kama bibi harusi!" Mwalimu akamwambia anyamaze. Tulifika kwenye mfereji, barabara inapoanza kupanda, na hapo mwalimu akaacha usukani, akaniangalia mimi.

Kwenye msiba ndipo ilipotajwa sababu ya gari kukataa. Mdogo wa mume wangu, shemeji yangu anayekaa Gihosha, aliniuliza mbele ya watu, "Shemeji, mafuta mulinunua wapi?"

Wakati ule vituo vya mafuta vilikuwa vikavu, na magari yalilala kwenye foleni siku baada ya siku. Jumapili nilikuwa nimepata bidoni moja, dumu la plastiki, kwa mama mmoja anayeuza kwa kificho, mafuta yanayovushwa mpaka kutoka Uvira. Niliyamimina mwenyewe ndani ya gari. Sikuona sababu ya kudanganya, nikasema hivyo.

"Ya bidoni?" Hakupandisha sauti. "Hiyo wanachanganya na maji. Hata mutoto anajua."

Basi. Kuanzia saa ile wanawake waliokuja kukaa nami walinyamaza kila nilipoingia. Mama mkwe wangu akawa anakula chakula kilichopikwa na mtu mwingine.

Niliomba fundi aitwe kesho yake. Walikataa. Katika familia ya mume wangu, kitu cha marehemu hakiguswi kabla ya kuondoa matanga. Kwa hiyo kwa majuma sita gari lilikaa pale uani, nami nilipita kando yake kila nikienda bombani. Siku nyingine nilifungua kifuniko cha tangi nikanusa. Sikujua ninanusa nini. Nilitaka kujua jambo moja tu, kama ni mafuta yangu yaliyomuua.

Matanga yalipoondolewa, fundi alikuja asubuhi iliyofuata. Nilihakikisha shemeji na mama mkwe wapo. Mama mkwe alikalia kigoda karibu na ukuta.

Fundi alianza na betri. "Imekufa," akasema, "lakini hiyo ni kwa sababu ya kusimama siku nyingi tu." Akaweka nyingine aliyokuja nayo. Halafu akafungua bujii moja, kile kidude kinachowasha mafuta ndani ya injini, akakishikiza kwenye chuma na kumwambia shemeji azungushe ufunguo. Cheche ya samawati ikaruka.

"Moto iko. Sasa tuangalie mafuta."

"Ndiyo, angalia hiyo," shemeji akasema.

Fundi akayavuta kwa mpira kutoka kwenye tangi, akayatia katika chupa tupu ya maji ya kununua, akaiweka juani juu ya ukuta. "Maji ni mazito kuliko mafuta. Kama iko ndani, itashuka chini, tutaiona. Tungoje."

Tulingoja. Nilisimama mbele ya ile chupa, mikono nikiwa nimeifunga ndani ya kitenge. Rangi ilikuwa moja, kutoka juu hadi chini.

"Mama, mafuta yako haina shida," fundi akasema. "Ni safi kuliko ile yangu."

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

Fundi akaweka sikio kwenye kiti cha nyuma, akamwambia shemeji afungue ufunguo bila kuwasha. "Pampu hailii," akasema. "Mafuta yako kwenye tangi, lakini hakuna wa kuyapeleka mbele." Akafuata waya, akainua zulia kutoka nyuma kuja mbele. Kati ya viti viwili akasimama.

"We! Hii nani aliweka?"

Kilikuwa kitufe cheusi, kidogo kama kifungo cha koti. Akakibonyeza. Huko nyuma kikaanza kulia kitu kama nyuki. Shemeji akazungusha ufunguo, gari likawaka mara moja.

"Mutu anaweka hii kama hataki gari itembee bila yeye," fundi akasema. "Ukibonyeza tena, pampu inazimika. Hata ukiwa na ufunguo, apana."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Tangu mafuta yaanze kukosekana, shemeji alikuwa akija kuazima gari na kulirudisha likiwa kavu. Huwezi kumnyima ndugu wa mume ufunguo anaouona umening'inia ukutani. Mume wangu hakuweza kumnyima, nami vilevile. Aliwahi kuniambia, "We, mutu akikuomba roho, utampa na mufuko wa kubebea." Tukacheka. Kitufe alinificha hata mimi, kwa sababu ningemwambia shemeji. Ni kweli, ningemwambia.

Asubuhi aliyokufa alikuwa akinionyesha kilipo, nami nikamfunga kamba za viatu.

"Kumbe ni yeye mwenyewe," shemeji akasema polepole. Nilingoja aseme na lile jingine, la bidoni. Mama mkwe aliomba maji. Nilimletea, akanywa yote, akanirudishia kikombe bila kuinua macho.

Shemeji hakuwa ametoka kwenye usukani, na injini ilikuwa bado inanguruma. "Shemeji, acha nifike Gihosha mara moja," akasema. "Mafuta si iko?"

Nikamwambia, "Nenda."

Alirudi jioni. Alitundika ufunguo kwenye msumari wake, akasema, "Asante, shemeji," akaenda zake kwa miguu. Nilitoka nikatazama mshale wa mafuta. Ulikuwa umelala chini kabisa. Nikainama, nikainua zulia, nikakibonyeza kile kitufe.