Kiguu na Njia na Orodha ya Majibu

Mdogo wangu hajui kukaa. Mama alimpa jina la Kiguu na Njia akiwa bado hajaota meno yote, na jina likamganda mpaka leo ana miaka thelathini na minne na upara umeanza kuchungulia. Anakula amesimama. Akiongea na simu anazunguka chumba mpaka kizunguzungu unakipata wewe uliyeketi. Kazi tano ameziacha ndani ya miaka sita, na kila mara wimbo ni uleule: "Dada, pale palinichosha." Mtu mzima, jamani!

Mimi napima damu na mkojo kwenye maabara ya zahanati, kiti kimoja mwaka wa kumi na saba huu. Ni mimi niliyemwombea kazi ya kutunza kompyuta hapa kwetu. Daktari mkuu, mwanamke asiye na maneno mengi, alikubali shingo upande, akampa miezi mitatu ya majaribio. "Akishindwa, usiniletee ndugu mwingine," aliniambia. Na mama akasema hii ndiyo mara ya mwisho, asipotulia hapa yeye amenawa mikono. Kuanzia siku hiyo roho yangu ikawa juujuu.

Shida yetu ilikuwa karatasi. Jibu la kipimo linaandikwa maabara, kwenye daftari na kwenye karatasi, linapita ukumbini mkononi mwa mgonjwa, na likifika kwa daktari limelowa, au halifiki kabisa. Kiguu aliliona hilo wiki ya kwanza, maana ukumbini ndiko alikokuwa akishinda. Akamwahidi daktari mkuu ukurasa wa kompyuta: mimi naandika jibu huku, daktari analisoma kule chumbani kwake. Kuniuliza mimi, wala.

Alianza na kiunzi kikubwa alichofundishwa chuoni. Kiunzi, alinieleza huku akiizunguka meza yangu, ni programu ambayo wenzako wameshasimamisha nguzo na paa, wewe unagawa vyumba tu. Lakini kile kilikuwa ghorofa zima. Siku nne anapakua mafaili na kujaza mipangilio, hajaandika hata neno moja la kwetu. Siku ya tano nikamkuta anakunja waya wa chaja.

"Unaenda wapi?"

"Dada, hii kazi..."

"Usimalize! Ukisema imekuchosha nakumwagia hiki kichupa, na hujui kina nini."

Akacheka, akaukunjua waya.

Ndipo akakipata kiunzi chepesi cha Java, lugha ya kuandikia programu. Aliniita mchana huohuo nione: mistari kumi tu. Mmoja unaamsha seva, yaani programu inayogawa kurasa, mwingine unasema mtu akiomba ukurasa wa majibu, apewe orodha. Akabonyeza, sekunde mbili, kioo kikaandika "Habari, maabara". Nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha. Badili mstari, zima, washa, tazama. Kazi ya namna hiyo ilimfaa kabisa mtu asiyetulia. Siku tatu akawa zima-washa, zima-washa, anajipigia makofi mwenyewe.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Daktari mkuu angekuja saa tisa alasiri kukagua, na hapohapo, bila kungoja miezi mitatu iishe, angeamua kama Kiguu anabaki au anaondoka. Asubuhi akanishika mkono.

"Leo usiandike kwenye daftari, Dada. Ukiandika kotekote hatutajua kama yangu inafanya kazi. Niamini siku moja tu."

"Haya," nikasema, na nikalifunga daftari mbele ya macho yake.

Kufika saa sita nilikuwa nimeingiza majibu ya wagonjwa arobaini na watatu. Madaktari wanasoma vyumbani mwao, hakuna aliyepiga kelele ukumbini. Ungedhani angetulia. Thubutu! Aliona kichwa cha ukurasa kimekaa kushoto, yeye anakitaka katikati.

"Kiache," nilimwambia. "Saa tisa bado."

"Sekunde mbili."

Akazima, akawasha. Kichwa kikaja katikati, kizuri kweli. Chini yake hapakuwa na kitu.

Majibu yote alikuwa ameyaweka kwenye kumbukumbu ya programu yenyewe, kama mfano alioufuata ulivyofanya. Programu ikizimwa, nayo yanakwenda. Katika majaribio yake alikuwa na mgonjwa mmoja wa kubuni, akimwandika upya kila akiwasha, kwa hiyo hakuwahi kujua. Na kwenye mabenchi watu ishirini walikuwa bado wanasubiri kumwona daktari, mmoja wao mtoto ambaye kumtoa damu kulitaka watu wazima watatu.

Kiguu aliukunja tena ule waya. "Nitamwambia mwenyewe," alisema. "Halafu naondoka."

Nikavuta droo. Chini ya boksi la glavu nilitoa daftari, nikaliweka mezani. Kurasa mbili, wagonjwa arobaini na watatu.

Alifunua ukurasa wa kwanza. "Uliandika tangu wa kwanza?"

"Tangu wa kwanza."

"Uliniahidi, Dada."

Ningeweza kumwambia kwamba maabara ni maabara, lazima jibu liandikwe. Ni kweli, lakini hiyo ningemwambia asubuhi, usoni. Nililificha kwa sababu nilikuwa na hakika ataharibu. Iliniuma, na yeye ilimuuma zaidi.

Alikaa, akaandika mistari mingine ili kila jibu liingie kwenye diski papo hapo na kubaki hata programu ikizimwa, kisha akasema, "Nisomee." Nikasoma, akaandika, mpaka wa mwisho.

Saa tisa alimweleza daktari mkuu yote, hata kabla hajaulizwa. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akaizima programu mbele yake, akaiwasha. Arobaini na watatu wakarudi.

"Mwezi mmoja, daftari na kompyuta pamoja," daktari mkuu alisema. "Likikosekana jibu hata moja, tunaagana."

Mwezi ule Kiguu alilinganisha kila jioni, jina kwa jina. Halikukosekana. Siku ya mwisho daktari mkuu alinigeukia mimi. "Wewe ndiye unayeandika. Daftari lifungwe, lisifungwe, sema wewe."

Kiguu alikuwa mlangoni, mkono kwenye kitasa, ananiangalia.

Nilichukua rula, nikapiga mstari chini ya jibu la mwisho, nikampa Kiguu daftari. "Kaliweke stoo."

"Na lile la kwenye droo?"

"Hakuna la kwenye droo."

Hakwenda stoo. Alivuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta, daftari mapajani, akatulia tuli. Mimi ndiye niliyeshindwa kukaa. Nilikizunguka chumba kile mpaka jioni.