Jina Lisilo na Kaburi

Jina letu la ukoo si la Kifipa. Ni la Mzungu, tena Mzungu wa Welisi, na kila nilipolitaja mbele ya mgeni alinikazia macho akitafuta rangi ambayo sina. Sitaliandika hapa. Wapo watoto wanaolibeba mpaka leo, na vidole walivyonyooshewa vinatosha.

Lilitufikia kwa sababu ya nzige. Enzi za mkoloni nzige wekundu walizaliana kwenye mbuga za bonde la Rukwa, na babu yangu, mtu wa Kaoze, alichukuliwa kibarua cha kuwatafuta na kuwatilia sumu. Mkuu wa kambi alikuwa huyo Mwelisi. Siku moja wakiota moto babu alimwuliza maana ya jina lake. Mzungu akamweleza kwamba kwao, zamani, baba na mwana wakiitwa jina moja, mwana aliongezewa neno la kuonyesha kwamba yeye ndiye mdogo, na neno hilo ndilo lililogeuka jina la ukoo. Babu alifurahi mno. Kwetu pia jina haliachwi lilale chini. Mtu akifa, ndugu mwingine hukalishwa mkekani akalirithi, na pamoja na jina hurithi shamba, ugomvi na mke. Mwelisi alipofungasha virago kurudi kwao, babu alibaki na koti lake, sufuria moja na jina lake.

Likaenea. Vibarua wenzake babu waliwapa wana wao, na wana wao wakawapa wajukuu. Zilipokuja enzi za ruksa, kila mtu alipoachiwa afanye biashara, ndipo lilipopata heshima ya mjini. Baba mkubwa alifufua lori bovu, akawa anapeleka mahindi Tunduma na kurudi na mitumba, sabuni na betri. Juu ya kioo cha mbele alilipaka jina letu kwa rangi nyekundu. Wasukuma waliokuwa wakihamia bondeni na ng'ombe wao walifanya naye biashara, na wengine wakawaita watoto wao jina hilo bila kujua kwamba nyuma yake kuna Mzungu na nzige. Mimi nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja Mazwi, mjini Sumbawanga. Nilitembea nalo kifua mbele.

Kisha baba mkubwa akaanza kukonda. Alikonda hadi suruali zake nikazipunguza kiuno, nikazipunguza tena, mwishoni akawa anajifunga kanga ya mkewe. Tulipomzika, jina alipewa baba mdogo. Ilikuwa msimu wa kupanda, mvua imekazana, watu wana haraka ya kurudi mashambani, kwa hiyo hata pombe ya ulezi haikupikwa. Baba mdogo alichukua lori, shamba na mama mkubwa, mjane wa kaka yake. Haikupita miaka mingi naye akaanza kuharisha na kutoka vidonda mdomoni. Tukamzika pembeni ya mwenzake.

Redio ilikuwa ikitangaza Ukimwi asubuhi na jioni. Wazee wetu waliisikia kama mimi nilivyoisikia, lakini walikuwa na maelezo yao, na yalianzia kwa Mwelisi. Babu, walisema, alichukua jina la mtu aliye hai. Mwenyewe amekwisha kufa huko kwao, hatujui lini, hatukumlilia, hatukupika pombe, hatulijui kaburi lake. Sasa analidai. Na baba mdogo, walisema, amekufa kwa sababu alirithishwa kwa haraka. Dawa ni kumpata mrithi mwingine na kumrithisha kwa ukamilifu, bila kuruka hata jambo moja. Walikuwa wakisema ukamilifu, na kila mtu alijua kwamba hata kitanda kimo.

Wakamchagua kaka yangu.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mpaka leo likinijia nashindwa kula. Mama mkubwa hakujaliwa mtoto. Kaka yangu alipoacha kunyonya alipelekwa kwake akamlea, akamwogesha, akampeleka shule mgongoni siku za matope. Wazee hawakuona kizuizi. Hakumzaa, walisema, basi si mwanawe.

Kaka alikuwa kijana mwenye nguvu, ana mchumba, anajifunza umakanika kwenye lile lori. Nilimfuata uvunguni mwa gari nikachuchumaa.

"Utakubali?"

"Wazee wakishasema, mimi ni nani?"

"Wewe ni maiti, kama utakubali. Si umewaona wenzio?"

"Dada, wamesema nikikataa watakufa wengine. Unataka niwe mimi niliyewaua?"

Aliendelea kufungua nati. Nilimtukana, tena matusi ambayo fundi wa nguo za kanisani hakupaswa kuyajua. Mafuta machafu yalikuwa yakimdondokea shavuni.

Mama alilia tu. Baba alisema maneno ya wazee hayapanguliwi. Basi nikaenda kwa mama mkubwa mwenyewe. Nilimkuta uani anachambua maharage. Bado alikuwa mtu wa kutazamika, ila alikohoa kila mara na kuushika ubavu. Nilipiga magoti nikamwamkia. Kabla sijasema lililonileta, aliuliza:

"Redio inasemaje, mwanangu? Mimi betri zimekwisha."

Nikamwambia. Sikupunguza kitu. Nilimweleza Ukimwi unavyoambukizwa, na kwamba mtu anaweza kukaa nao muda mrefu akiwa bado ananenepa. Alisikiliza huku mikono inatafuta mawe kwenye ungo. Nilipomaliza, akaniuliza kama nimekula, akanipakulia ugali. Niliondoka bila kujua amenielewa au hapana.

Siku ya kurithisha, safari hii pombe ilipikwa kwelikweli. Ukoo ulikuja kutoka Kaoze na vijiji vya juu, uani hapakuwa na pa kuweka mguu. Mkeka ulitandikwa. Kaka alikalishwa, shati jeupe nililomshonea mimi mwenyewe, kichwa chini. Wakamwita mama mkubwa akae ubavuni mwake.

Hakukaa. Alipiga magoti nje ya mkeka, akawapigia wazee makofi ya heshima kama inavyotakiwa, kisha akasema, si kwa sauti kubwa:

"Wazee wangu, shikamooni. Mtoto huyu nimemlea, sitalala naye. Na jina halimuui mtu. Ugonjwa uliowaua waume zangu umo mwilini mwangu. Mwacheni."

Halafu shangazi yetu mmoja, mwanamke aliyekuwa amekunywa uji wa jikoni kwa mama mkubwa miaka yote, akasema, "Kumbe ni wewe uliyewamaliza." Baada ya hapo kila mtu alipata sauti. Wazee waliokuwa wakimsingizia Mzungu wa watu walimsahau papo hapo. Walimpata mchawi wa karibu, mwenye mlango na kitanda, naye amejisema mwenyewe. Nyumba yake ya Mazwi ilichukuliwa na ukoo. Mama mkubwa aliruhusiwa kuchukua nguo zake na sufuria ya kupikia, akapandishwa lori la maharage hadi kijijini kwao, Kate. Marufuku ikatolewa kwamba mtu yeyote wa ukoo asikanyage kwake. Mama yangu, kwa hofu, alimsafirisha kaka siku iyo hiyo kwenda Tunduma kwa mjomba, akamwapisha asirudi mpaka atakapoitwa.

Jina nalo likafa kwa namna yake. Aliyenunua lori alipaka rangi ya buluu juu ya maandishi. Wasukuma waliwabadilishia watoto majina, na shuleni wenzao walikataa kukaa dawati moja na wenye jina la mdudu wa Ukimwi. Wazee hawakutafuta mrithi mwingine. Hakuna aliyethubutu kulitaja.

Mfanyabiashara wa maharage ndiye aliyetuletea habari kwamba mama mkubwa amekwisha kuzikwa. Kaka aliacha kazi Tunduma akaja, marufuku au si marufuku, tukaenda Kate mimi na yeye. Dada wa marehemu alitupokea mlangoni bila kutukaribisha ndani, na sikumlaumu. Alitupeleka kaburini, tuta dogo kando ya shamba la mahindi, bila msalaba. Kaka aliuliza kama aliacha neno lolote.

"Hakuwa na maneno," alisema yule mama. "Ila kila aliyetoka Sumbawanga alimwuliza kitu kimoja tu, kama wewe ni mzima. Mpaka siku ya mwisho."

"Mkamwambiaje?"

"Tungemwambiaje? Hakuja mtu wa kwenu. Tulimwambia hatujui."